BIASHARA YA MTANDAO: UNAUZA BIDHAA AU UNAUZA WATU?



Sidhani kama mjini hapa kuna mtu mzima ambaye hajawahi kupata ile simu. Mtu mliyesoma naye miaka hiyo anakupigia ghafla, anakusalimia kwa furaha, halafu anasema: "Ndugu yangu, kuna fursa nataka nikushirikishe, ila siyo ya kuongea kwenye simu. Jumamosi una nafasi?" Ukimuuliza ni fursa gani, anakujibu uje tu, utajionea mwenyewe.

Nimeulizwa mara nyingi nina msimamo gani kuhusu biashara hizi. Jibu langu ni kwamba roho yangu imegawanyika. Wapo watu ninaowaheshimu ambao zimewasomeshea watoto, na wapo ninaowaheshimu ambao zimewaacha na maboksi chini ya kitanda na ndugu wasiopokea simu zao. Kwa hiyo leo nimeamua kuandika kila kitu mahali pamoja: zilianzia wapi, pesa yake inatembeaje, sheria zinasemaje, na kwa nini ukishaingia lazima usukumwe kutafuta wengine. Atakayetaka kuingia aingie akijua, na atakayetaka kukataa akatae akijua.

NI KITU GANI HASA?

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Watu wengi wakisikia "biashara ya mtandao" wanadhani ni kuuza vitu kwenye intaneti. Siyo. Mtandao unaosemwa hapa ni mtandao wa watu. Kampuni haipeleki bidhaa dukani. Inawauzia wanachama kwa bei ya jumla, nao wanamuuzia mteja mkono kwa mkono, iwe nyumbani, ofisini au baada ya ibada. Hapo tu ingekuwa umachinga wa kawaida wa kuvaa tai. Tofauti ni kwamba mwanachama anaruhusiwa kuingiza wanachama wengine, na kila wanaponunua yeye anapata asilimia fulani. Hao nao wakiingiza wengine, anapata tena kidogo. Aliyekuingiza wanamwita aplaini, na uliowaingiza wewe ni daunlaini zako.

Kwa hiyo kuna mifuko miwili ya pesa. Mfuko wa kwanza ni faida ya kuuza bidhaa kwa mteja wa nje. Mfuko wa pili ni bonasi inayotokana na manunuzi ya watu waliopo chini yako. Ukishika hilo tu, nusu ya makala hii umeshaielewa.

ILIANZIA WAPI?

Kuuza mlango kwa mlango ni jambo la zamani. Nchini Marekani mwaka 1886 bwana mmoja aliyeitwa David McConnell, aliyekuwa akitembeza vitabu, alianzisha kampuni ya manukato ambayo baadaye ilikuja kuitwa Avon. Alitumia akina mama kuuza kwa majirani zao. Miaka ya 1950 Tupperware waliachana na maduka, wakahamia kwenye mikusanyiko ya akina mama sebuleni, chini ya mama mmoja hodari aitwaye Brownie Wise. Huo ulikuwa uuzaji wa moja kwa moja.

Mfumo wa ngazi nyingi ulianza miaka ya 1940 na kampuni ya vitamini ya Nutrilite. Wauzaji wawili wa Nutrilite, Rich DeVos na Jay Van Andel, walianzisha Amway mwaka 1959 huko Michigan, na nyingi zilizofuata zimeiga hapo. Oriflame ilianzishwa Sweden mwaka 1967, Forever Living Marekani mwaka 1978, Herbalife Marekani mwaka 1980, na Tiens (wengi wetu tunaijua kwa jina la Tianshi) katika mji wa Tianjin, China, mwaka 1995.

Kwetu Afrika Mashariki majina kama GNLD, Forever Living, Tianshi na Oriflame yameshazoeleka. Zimekuta ardhi yenye rutuba: ajira chache, mishahara midogo, na jamii ambayo watu wanajuana. Mtu mmoja ana ukoo, kwaya, kikundi cha VIKOBA, kamati ya harusi, wenzake wa kazini na wa shule. Hao wote kwa macho ya semina ni "soko lako la kwanza".

PESA INATEMBEAJE?

Hapa nitatoa mfano. Namba hizi ni za kufikirika na siyo za kampuni yoyote, ila mtiririko wake ndio unaofanana na mipango mingi.

Tuseme dawa ya meno na vidonge vya lishe unanunua boksi kwa 35,000 na kuuza kwa 50,000. Faida yako kwa boksi ni 15,000. Ili uhesabiwe kuwa mwanachama hai mwezi huo, lazima ununue maboksi sita, yaani 210,000. Ukiuza yote sita umepata 90,000. Toa nauli, toa vocha, toa kiingilio cha semina. Siyo mbaya, lakini siyo ile gari nyekundu uliyoonyeshwa ukutani.

Sasa tuseme umeuza mawili tu. Umerudisha 100,000. Una maboksi manne kabatini na 110,000 yako imelala humo. Mwezi ujao unatakiwa kununua mengine sita, la sivyo bonasi yako inakatwa.

Geuza upande wa pili. Umemleta mtu mmoja, akanunua paketi ya kuanzia ya 300,000, na wewe ukapewa asilimia 15. Hiyo ni 45,000, sawa na faida ya maboksi matatu, na hujabeba begi wala hujapanda daladala. Huyo mtu naye kila mwezi ananunua 210,000 ili abaki hai. Ukipata asilimia 5 tu ya hapo, ni 10,500 kila mwezi ukiwa umelala. Watu kumi wa namna hiyo ni 105,000, imeshapita faida ya kuuza maboksi yako yote.

Niambie mdau, wewe ungehangaika na lipi?

KWA NINI LAZIMA USUKUMWE?

Watu wengi wanadhani shinikizo la kuingiza watu linatokana na tabia mbaya ya aplaini fulani. Mimi siamini hivyo. Nimewahi kuhudhuria semina tatu za kampuni tofauti kama mgeni mwalikwa, na waliokuwa wanasukuma walikuwa watu wapole kabisa, wacheshi, wenye kukujali. Shinikizo limo ndani ya mpango wenyewe wa malipo. Angalia mambo haya manne.

Kwanza, vyeo. Karibu kila kampuni ina ngazi zenye majina ya madini na vito: fedha, dhahabu, rubi, almasi. Hupandi cheo kwa kuuza vizuri dukani kwako, unapanda kwa kuwa na idadi fulani ya watu waliopanda chini yako.

Pili, kuhitimu kila mwezi. Pointi za mwezi huu mara nyingi hazikulindi mwezi ujao. Wanachama wa chini wanachoka na kutoka kimyakimya, kwa hiyo aliye juu yao lazima aingize wapya ili tu abaki pale alipo. Ni kama kujaza maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Tatu, tarehe. "Promosheni inaisha tarehe 30." "Safari ya Dubai wamebaki watu wawili." Mwisho wa mwezi ukikaribia, simu zinakuwa nyingi. Ukipigiwa simu tarehe 27 na mtu uliyempoteza miaka kumi, sababu unaijua.

Nne, orodha ya majina. Siku za mwanzo unapewa karatasi uandike watu 100 unaowajua. Usichuje, unaambiwa, andika hata mama ntilie unayekula kwake. Kuna ujanja hapa. Hata wewe ukishindwa na kuondoka baada ya miezi mitatu, majina yako yameshaguswa, na watatu au wanne kati yao wameshaingia chini ya aliyekuingiza.

Juu ya hayo manne kuna maneno ya semina, na maneno yana nguvu bwana. Unaambiwa kuajiriwa ni utumwa. Unaambiwa anayekukatisha tamaa ni mwizi wa ndoto, hata kama ni mke wako. Unaambiwa aliyeshindwa ni kwa sababu hakuamini vya kutosha. Maneno haya yanaziba mlango wa swali. Mtu akishaamini kwamba kuuliza ni kukosa imani, hesabu hatapiga tena.

HESABU YA WATU SITA

Kwenye ubao wa semina huwa wanachora duara moja, chini yake maduara sita. "Wewe tafuta sita tu. Kila mmoja naye atafute sita." Inaonekana rahisi. Sasa tuendelee kuchora pale wao wanapoishia:

Ngazi ya 1: watu 6
Ngazi ya 2: watu 36
Ngazi ya 3: watu 216
Ngazi ya 4: watu 1,296
Ngazi ya 5: watu 7,776
Ngazi ya 6: watu 46,656
Ngazi ya 7: watu 279,936
Ngazi ya 8: watu 1,679,616
Ngazi ya 9: watu 10,077,696
Ngazi ya 10: watu 60,466,176

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na humo wamo watoto wachanga na mabibi wa miaka 90. Yaani ngazi ya kumi peke yake inakaribia kumaliza nchi nzima, na ukijumlisha ngazi zote kumi, nchi haitoshi.

Watetezi wanasema hakuna mtandao unaojaa namna hiyo, watu wanatoka na kuingia. Ni kweli. Lakini kuna jambo moja ambalo halibadiliki hata mtandao uwe mdogo kiasi gani. Kama kila aliye juu ana sita chini yake, basi wakati wowote ukisimamisha saa, watu kama watano katika kila sita wapo kwenye mstari wa chini kabisa na hawana mtu chini yao. Hao mfuko wa pili kwao ni mtupu. Wamebaki na mfuko wa kwanza tu, wa kuuza bidhaa. Na kama bidhaa yenyewe ni ghali kuliko ya dukani, basi mifuko yote miwili imetoboka.

Siyo maneno yangu peke yangu. Septemba 2024 maafisa wa Tume ya Biashara ya Marekani, ile inayoitwa FTC, walitoa ripoti baada ya kupitia taarifa za mapato zilizotolewa na kampuni 70 zenyewe. Waliona kwamba wanachama wengi walipata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka, yaani chini ya dola 84 kwa mwezi, na mara nyingi taarifa hizo hazikutoa gharama za mwanachama mwenyewe.

UPATU, PIRAMIDI NA DECI

Hapa lazima tutenganishe mambo, maana Kiswahili chetu kimelibebesha neno moja mizigo miwili.

Upatu wa mama zetu, au mchezo kama wengine wanavyouita, ni kitu cha heshima. Watu kumi wanatoa 20,000 kila wiki, na kila wiki mmoja anapokea 200,000 kwa zamu. Mwisho wa mzunguko kila mtu ametoa 200,000 na amepokea 200,000. Hakuna pesa iliyoongezeka wala iliyopotea, na hakuna anayehitaji mtu mpya ili alipwe.

Piramidi ni kinyume chake. Unatoa pesa ukiahidiwa kupata zaidi, na hiyo zaidi inatoka kwa wanaokuja nyuma yako. Wakiacha kuja, imekwisha. Kwa bahati mbaya magazeti na mahakama zetu vimeiita nayo "upatu", ndiyo maana kosa linajulikana kama kuendesha biashara haramu ya upatu.

Tanzania tunalikumbuka somo la DECI. Watu "walipanda mbegu" wakisubiri kuvuna, na kwa kuwa viongozi wake walikuwa wachungaji, lugha ya kupanda na kuvuna iliingia masikioni kirahisi. Mwaka 2009 serikali iliisimamisha, viongozi wakafikishwa Mahakama ya Kisutu kwa kuendesha upatu na kupokea amana za watu bila leseni, na mwaka 2013 wakatiwa hatiani. Kenya nao waliumizwa na wimbi la piramidi katikati ya miaka ya 2000. Kinshasa walilipata lao mwaka 1991 na Bindo Promotion. Albania mwaka 1997 piramidi ziliporomoka hadi nchi ikaingia kwenye ghasia za silaha.

Je, biashara ya mtandao ni piramidi? Siyo lazima. DECI haikuwa na bidhaa hata ya dawa. Kampuni za mtandao zina bidhaa, na nyingine ni nzuri. Lakini kuwa na bidhaa siyo kinga. Kama wanunuzi karibu wote ni wanachama wanaonunua ili wahitimu bonasi, basi boksi la vidonge limegeuka kuwa tiketi tu.

SHERIA ZINASEMAJE?

Kesi mama ni ya Amway. Mwaka 1979 FTC iliamua kwamba Amway siyo piramidi haramu. Watetezi wa biashara hii hupenda kuishia hapo. Wasichokisema ni sababu. Amway ilikuwa na kanuni tatu: mwanachama anayetoka anarudishiwa pesa kwa mzigo ambao haukuuzika, lazima uwe umeuza angalau asilimia 70 ya ulichonunua ndipo upate bonasi, na lazima uonyeshe umeuza kwa wateja 10 tofauti kwa mwezi. Yaani ilipona kwa sababu ilikuwa na breki. Na uamuzi huohuo uliikuta na makosa ya kupanga bei na kutia chumvi kwenye mapato.

Mwaka 2016 Herbalife ilikubali kulipa dola milioni 200 kumaliza madai ya FTC, na kubadilisha mfumo wake wa malipo Marekani ili angalau theluthi mbili za malipo zitokane na mauzo halisi yaliyorekodiwa. FTC ilisema nusu ya wale walioitwa viongozi wa mauzo walikuwa wakipata kwa wastani chini ya dola 5 kwa mwezi kutokana na kuuza bidhaa. Dola tano! Na hao ni viongozi. Mwaka 2017 hundi zilitumwa kwa watu wanaokaribia 350,000.

Uingereza, tangu kanuni za mwaka 1997, mtu mpya haruhusiwi kutozwa zaidi ya pauni 200 katika siku 7 za mwanzo, na ana siku 14 za kubadili mawazo na kurudishiwa pesa yake. China, nchi iliyotupatia Tianshi, ilipiga marufuku uuzaji huu wote mwaka 1998. Mwaka 2005 ikaruhusu uuzaji wa moja kwa moja wenye leseni, lakini malipo ya ngazi nyingi yakabaki marufuku. Muuzaji analipwa kwa alichouza mwenyewe, basi.

Kwetu Tanzania, upatu haramu ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na kupokea amana bila leseni ni kosa chini ya sheria ya mabenki ya mwaka 2006. Udanganyifu kwa mlaji unaangukia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Tume ya Ushindani, FCC. Kama bidhaa inauzwa kama dawa, mwenye mamlaka ni TMDA, iliyochukua nafasi ya TFDA mwaka 2019. Kama ni chakula au kipodozi, ni TBS.

UPANDE WANGU UNAOIPENDA

Sasa nitakuwa mkweli kwa upande wa pili, maana wachambuzi wengi wanauruka.

Kuna dada mmoja ninayemfahamu vizuri anayeuza vipodozi vya kampuni mojawapo kwa zaidi ya miaka minane. Hajawahi kufika ngazi ya vito. Ana wateja wake kama arobaini, anajua nani ngozi yake kavu na nani mtoto wake ana mzio. Mwisho wa mwezi anapita maofisini kukusanya madeni yake na daftari lake. Ada ya shule ya mwanae inatoka humo. Watu aliowaingiza hawazidi wanne, na wote walimfuata wenyewe. Aplaini wake anamlaumu kila mara kwamba hana njaa ya mafanikio. Mimi naona ndiye pekee kwenye mtandao ule anayefanya biashara.

Pia semina zile zimewapa watu vitu ambavyo shule haikuwapa. Nimeona mama wa nyumbani aliyekuwa haongei mbele ya watu watano akisimama mbele ya watu mia mbili na maikrofoni bila kutetemeka. Nimeona kijana aliyeanza kuandika mapato na matumizi yake kwa mara ya kwanza. Wapo waliotoka kwenye mtandao bila pesa, lakini wakafungua genge au saluni kwa ujasiri waliouokota humo. Siwezi kulidharau hilo.

UPANDE UNAONIKERA

Kinachonikera siyo bidhaa. Ni kile kinachotokea kwenye undugu.

Sisi hapa tunaishi kwa kutegemeana. Mtu akiugua hospitali unapigiwa, msiba ukitokea unapigiwa, harusi unapigiwa. Simu ya ndugu ni bima yetu. Sasa mtu akishapiga simu hamsini za "fursa", ya hamsini na moja haipokelewi, hata ikiwa ya kweli. Namfahamu jamaa ambaye mama yake alilazwa usiku, akapiga simu kwa binamu zake watatu na hakuna aliyepokea. Baadaye walimwambia kwa aibu: "Tulidhani ni yale mambo yako." Ile bonasi ya asilimia 5 hakuna semina inayoihesabia gharama hiyo.

Cha pili ni mikopo. Mtu anachukua pesa ya VIKOBA kununua paketi kubwa ili aanzie ngazi ya juu. Bidhaa zisipotoka, marejesho yanadaiwa na wanawake wenzake waliomdhamini. Aliyemshauri akope hayumo kwenye kikundi.

Cha tatu, na hiki nakisema kwa ukali, ni kugeuza vidonge vya lishe kuwa tiba. Nimesikia kwa masikio yangu mtu akimwambia mgonjwa wa kisukari apunguze dawa za hospitali kwa kuwa "kahawa hii inasafisha". Mara nyingi kampuni yenyewe kwenye karatasi zake imeandika kwamba bidhaa siyo dawa. Lakini aliye mtaani na maboksi manne na tarehe 30 inakaribia, atasema lolote.

MASWALI KABLA HUJASAINI

Ukialikwa, nenda kama unapenda, lakini ondoka na majibu haya:

1. Jina kamili la kampuni ni lipi, na imesajiliwa wapi? Asiyetaka kutaja jina kwenye simu, jiulize kwa nini.
2. Kama hakuna hata mtu mmoja nitakayemwingiza, nitapata shilingi ngapi kwa mwezi?
3. Bidhaa hii ungeinunua kwa bei hii kama usingekuwa mwanachama? Linganisha na Kariakoo.
4. Nani wananunua hasa, wateja wa nje au wanachama?
5. Lazima ninunue kiasi gani kila mwezi ili nibaki hai?
6. Nikitoka, mzigo uliobaki unarudishwa? Kwa siku ngapi, kwa asilimia ngapi? Nionyeshe palipoandikwa.
7. Wewe unayenialika, mwaka jana ulipata kiasi gani baada ya kutoa manunuzi na semina? Picha ya gari siyo jibu.

Swali la pili ndilo kipimo. Likijibiwa kwa namba inayoeleweka, hiyo ni biashara na unaweza kuifikiria. Likijibiwa kwa hotuba, shika nauli yako.

KUKATAA BILA KUGOMBANA

Usimwambie "nitafikiria" kama hutaki. Hiyo kwake ni ahadi, atakufuata miezi sita. Mwambie wazi: "Mimi sitajiunga, ila nitakuwa mteja wako wa dawa ya meno." Kama bidhaa ni nzuri, nunua moja. Umemuunga mkono kwenye mfuko wa kwanza, ambao ndio halali wa kila mfanyabiashara, na umekataa kuwa tofali kwenye mfuko wa pili. Akikasirika ulipogeuka mteja badala ya mwanachama, hapo umejua alichokuwa anauza.

Nawe uliyemo ndani, ushauri wangu ni mdogo. Weka daftari la faida halisi, bila bonasi za ndoto. Usiuze kwa mgonjwa kama dawa. Usimkopeshe mtu imani yako ili akakope pesa. Na ndugu akisema hapana mara moja, basi iwe hapana. Mpigie tena siku nyingine umuulizie watoto tu.

Najua humu wamo walio kwenye mitandao hii na wanafanya vizuri, na wamo walioungua. Wote karibuni kwenye maoni hapo chini, mtupe namba zenu: mliingia na kiasi gani, mlitoka au mmebaki na kiasi gani, na mauzo kwa wateja wa nje ni mangapi. Matusi nitayafuta. Viungo vya kujiunga navyo nitavifuta.

Naomba kuwasilisha.